Kirangozi Hapitwi

Modesti alimpita kirangozi saa tatu na nusu asubuhi, bibi yake akiwa nyuma ya pikipiki, na hakujua kama kafanya kosa mpaka baragumu lilipolia mgongoni kwake kama ng'ombe aliyekanyagwa.

Kabla ya hapo alichokuwa anakiona ni vumbi tu. Njia ya kwenda boma la Isindi ni nyembamba. Unaacha barabara ya Sikonge pale kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, unaingia porini, miombo kulia, miombo kushoto, na mwezi wa nane mchanga umekauka mpaka unameza tairi. Mbele yao kulikuwa na watu wamebeba mizigo, mstari mmoja, hauna mwisho. Modesti aliwapita mmoja mmoja huku akipiga honi, na wenyewe walijibana kwenye nyasi.

"Pita, mume wangu," bibi Josepha alimwambia mjukuu wake sikioni. "Pita tu, vumbi linaniua."

"Napita, mke wangu. Shika vizuri."

Kichwani mwa mstari alikuwepo kirangozi, mwongoza msafara, mzee mmoja mrefu, ngozi ya mbega begani, manyoya ya mbuni kichwani, kashika bendera nyekundu. Alikuwa anatembea taratibu kama mtu anayejua kwamba huko aendako hawawezi kuanza bila yeye. Modesti akapiga honi. Mzee hakugeuka. Akapiga tena. Basi akakata kona, akapita kwenye nyasi, akarudi njiani mbele ya bendera, akamwachia mzee moshi.

Ndipo baragumu likalia, na watu wanne wakatoka vichakani wakasimama mbele ya tairi.

"Zima," akasema mmoja, mfupi, tumbo limetangulia, kamba ya katani begani.

"Kaka, nina mzee hapa, nawahi."

"Mzee gani? Huyu bibi Josepha namjua, ana nguvu kuliko wewe. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Abbasi," bibi akajibu, mtulivu kabisa.

"Zima chuma chako, Mnyamwezi wewe. Watu mia mbili wametembea toka Kisima cha Wapagazi kwa adabu, wewe unatokea na kelele zako kama mbuzi aliyefungiwa kopo."

Modesti hakuwa mtu wa kutukanwa akanyamaza. Shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu ya kutonyamaza. Lakini kabla hajafungua mdomo, mkono wa Abbasi ulishafika kwenye funguo, pikipiki ikazima, na funguo zikaingia kwenye mfuko wa shati la Abbasi, zikafungwa kifungo.

Abbasi huyu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko Gongoni. Kwao ni Wazaramo waliokuja na misafara wakaota mizizi Tabora, kwa hiyo kila mwaka, Siku ya Msafara ikifika, yeye na jamaa zake ndio watani wa njia. Kazi yao kutukana watu, kukamata wakosaji na kuwaadhibu, na hakuna Mnyamwezi anayeruhusiwa kukasirika.

"Zamani," Abbasi akasema, "aliyempita kirangozi alinyang'anywa mshale mmoja. Akaukomboe kambini. Wewe mshale huna. Tumechukua kinachokutia kiburi."

"Na nitazipataje?"

Abbasi akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akapiga mluzi. Kutoka nyuma wakaja vijana wawili wa Kizaramo, jasho linawatoka, wamening'iniza pembe kubwa ya ndovu kwenye mti walioubeba mabegani.

Pembe yenyewe haikuwa ya ndovu. Lilikuwa gogo la mninga, mafundi wa Sikonge wamelichonga na kulipaka chokaa, kilo thelathini na ushee, nchani limefungwa kengele ya ng'ombe. Kila mwaka msafara unaondoka kisimani na pembe moja ya ziada, inaitwa pembe ya mkosaji. Akikosekana mkosaji, watani ndio wanaoibeba mpaka bomani. Ndiyo maana Abbasi alikuwa na uso wa furaha kama mkulima aliyepata mvua Septemba.

"Tangu kisimani haijagusa chini," akasema. "Ukichoka, iegemeze kwenye panda ya mti. Ikigusa chini, ni mzigo uliokufa. Ukiifikisha getini, funguo zako hizi hapa."

Modesti akamgeukia bibi yake ili wote wawili wakasirike pamoja. Bibi alikuwa anatazama ile pembe. Alikuwa kaishika shanga ya rozari kati ya vidole viwili, na hakuwa anasali.

Sasa ujue bibi Josepha alikuwa anafuata nini kule Isindi.

Msafara ukifika bomani, kila aliyebeba mzigo anaingia kwa jina la mtu wake wa zamani, mpagazi aliyetoka kwenye geti lile kwenda pwani. Wengine walirudi, wengine mifupa yao iko Ugogo mpaka leo. Walio juu ya geti wanauliza, mbebaji anajibu, na mji mzima unasema: Kafika, mtueni. Basi. Hata kama kafa miaka mia na hamsini iliyopita, siku hiyo kafika na mzigo wake kashushiwa.

Bibi Josepha alikuwa na jina moja la kuitisha pale, Ngalula, bibi yake mzaa mama. Ngalula hakutoka kwenye geti lile. Aliingizwa. Aliletwa kutoka Manyema akiwa na miaka tisa au kumi, kamba shingoni, pembe ndogo begani, maana hakuna aliyeletwa mikono mitupu. Wamisionari wakamkomboa, wakambatiza Mektilda, akaolewa, akazaa, akazeeka. Josepha alipokuwa mtoto ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta ya nyonyo kwenye kovu la bega la kushoto, kovu pana kama kiganja. Jina lake la kwanza, Ngalula, kizee huyo alilitaja ndani ya nyumba tu, mlango ukiwa umefungwa.

Miaka mitatu mfululizo Josepha aliwaomba watu wa kamati. Walimjibu kwa heshima, wakampa na kiti. Jina haliji peke yake, bibi, linakuja na mzigo. Na mizigo ina wenyewe, koo za wapagazi. Halafu, bibi, usituelewe vibaya, yule hakuwa mpagazi.

Mwaka huu miguu ilikuwa imemvimba. Alimwambia Modesti, "Nipeleke, nikaone kwa mara ya mwisho." Modesti alikuwa anajua habari yote ya Ngalula, na alichomjibu ni hiki: "Majina ya marehemu yanaliwa, bibi? Nakushusha getini, narudi kijiweni. Jioni nakufuata."

Sasa alikuwa kasimama njiani, kilo thelathini zinaletwa begani kwake.

Walimkunjia kitenge cha bibi, wakakiweka begani, wakampandisha pembe. Alidhani ataona uzito. Alichoona ni giza dogo machoni, kisha kengele ikalia mbele ya uso wake, na mstari wote ukasubiri apige hatua.

"Mpe kirangozi nafasi yake," Abbasi akasema.

Yule mzee mrefu akampita taratibu, bendera juu, hakumtazama. Jina lake mzee Nikolaus, aliendesha treni ya Kigoma miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alipofika mbele ya Modesti akasema, bila kugeuka, "Hata behewa halipiti injini, kijana," akaendelea na mwendo wake.

Wakaenda. Bibi walimwacha juu ya pikipiki, vijana wawili wa Abbasi wakaisukuma pembeni mwa mstari, kaketi upande kama malkia na mkoba wake mapajani. Nyuma ya Modesti alikuwa mwanamke wa makamo anaitwa Maua, mtu wa Usinge, kabeba mzigo wa nta kichwani na anatafuna muwa.

"Unaibeba kwa hasira," Maua akamwambia. "Hasira ina uzito wake. Legeza shingo. Kengele ikilia mara moja kila hatua, ujue unatembea. Ikilia ovyo, unapigana."

"Dada, mimi nataka funguo tu."

"Hata wapagazi wa zamani walitaka kitu tu."

Akalegeza shingo. Kengele ikatulia kidogo. Akagundua kwamba kengele yake haikuwa peke yake. Mbele zilikuwa kumi, nyuma kumi, na zote zilikuwa zinakwenda na mguu wa yule mzee wa treni. Mzee akipunguza, porini kote kengele zinapunguza. Modesti alikuwa hajawahi kwenda mwendo wa mtu mwingine maisha yake yote. Watu walianza kuimba kwa chini, wimbo wa Kinyamwezi wenye maneno manne tu, unapokelewa kutoka mbele mpaka nyuma, na kabla haujafika nyuma mbele wameshaanza tena, kwa hiyo ulikuwa unapita juu yake kama upepo juu ya mtama. Nywele za mikono zikamsimama. Akazikasirikia.

Njia yenyewe ilikuwa imezama. Aliona hilo kwa sababu alikuwa anatazama chini. Kingo zake zilifika magotini, huku juu mizizi ya miombo inaning'inia, na mchanga wa katikati ulikuwa laini kama unga. Hakuna tingatinga lililopita pale.

"Nani kaichimba hii?" akauliza.

"Nyayo," Maua akasema, akatema kapi la muwa.

Modesti akajaribu kufikiria ni nyayo ngapi zinazoweza kuchimba ardhi mpaka magotini, akashindwa. Akaona aibu kidogo ya kupita pale na pikipiki.

Mtoni wakapumzika. Mto wa mchanga mtupu, na ng'ambo yake imesimikwa miti yenye panda, ya kuegemezea mizigo. Modesti akaegemeza pembe, bega likawaka moto lilipoachwa huru. Simu ikatetemeka mfukoni. Walikuwa wenzake wa kijiweni. Kuna mteja wa kwenda stesheni, uko wapi wewe?

Abbasi akaja na kibuyu cha maji. "Kunywa. Halafu nikupe siri ya bure. Hapa ndipo wakosaji wote wanapokatia tamaa. Utue hapa, utoe kuku mmoja, nikupe funguo, uondoke. Hakuna atakayekucheka. Ninasema uongo: mimi nitakucheka mpaka Pasaka. Lakini utaondoka."

Modesti akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa anatazama mto usiokuwa na maji kwa makini sana, kama vile kuna meli inapita.

Hapo ndipo kitu kikamgonga.

"Bibi."

"Naam."

"Wewe mwaka jana si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Na mwaka juzi pia. Huyu mzee wa bendera unamjua?"

"Nikolaus? Nilimfundisha katekisimu. Alikuwa mzito wa Amri za Mungu."

"Na hii sheria ya kutompita, uliijua?"

Bibi akafungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo, akaufunga. "Vumbi lilikuwa jingi," akasema.

Mizigo yote ina wenyewe, isipokuwa pembe ya mkosaji. Modesti akataka kupiga kelele, akakuta anacheka, na katikati ya kicheko hasira zikarudi zote. "Kwa nini hukuniomba kama watu wanavyoombana?"

"Ningekuomba, ungejibu nini, mume wangu?"

Wote wawili walijua alichojibu juzi, na bibi hakukirudia. Alikaa tu juu ya ile pikipiki, miguu imejaa kwenye kandambili kama viazi, na Modesti kwa mara ya kwanza akaona kwamba bibi anaogopa. Hakuwa anamwogopa Abbasi wala kamati. Alikuwa anamwogopa yeye, mjukuu wake, jibu lake.

Simu ikatetemeka tena. Akaizima.

"Nipandishieni," akawaambia watu wa Abbasi. "Bega la kushoto."

"Ulikuwa unabebea la kulia," Abbasi akasema.

"Nimesema la kushoto."

Kilomita iliyobaki sitakuficha: alikiona cha mtema kuni. Mara mbili goti lilikunjika, mara moja pembe iliyumba mpaka Abbasi akainama kuangalia kama imegusa, na Maua akamsukuma mgongoni kwa kidole kimoja tu. Jasho lilimwingia machoni, na mikono yote miwili ilikuwa juu, hakuna wa kufuta. Kwa hiyo boma lilipotokea aliliona kupitia maji ya chumvi, na labda ndiyo sababu lilionekana kubwa vile.

Lakini lilikuwa kubwa kweli. Modesti alizoea kulisikia kwa watu, akadhani ni ukuta fulani wa udongo wenye kibao. Lilikuwa ni ngome. Kwanza minyaa, iliyopandwa na wazee wa wazee, imesokotana ikawa mirefu kupita nyumba, kijani kibichi kwenye pori lote lililokauka, na maziwa yake yanayopofusha macho. Nyuma ya minyaa handaki. Nyuma ya handaki ukuta wa magogo yaliyosimamishwa bega kwa bega, urefu wa watu watatu, yamekandikwa udongo mwekundu, na juu kumeachwa matundu ya bunduki. Kila mwaka watu wa Isindi wanabadilisha magogo yaliyooza na kukandika upya, hawajaacha hata mwaka wa njaa. Moshi ulikuwa unapanda kutoka ndani, harufu ya nyama na ya udongo mbichi, na juu ya ukuta mzima, kuzunguka mpaka macho yanapoishia, watu walikuwa wamesimama.

Magobori yakalia, matano kwa mpigo. Ndege wakaruka porini kote. Moyo wa Modesti ukaruka nao.

Halafu watu wakanyamaza.

Modesti alikuwa hajawahi kusikia watu elfu tatu wakinyamaza. Hakuna spika, hakuna muziki, hakuna mtoto. Kengele za pembe tu, moja kila hatua. Alijiona mdogo kama siafu, na papo hapo alijiona kama mtu anayesubiriwa tangu asubuhi ya dunia, na hakujua mambo hayo mawili yanakaaje kifuani kwa mtu mmoja.

Geti la Isindi ni njia iliyopinda kati ya kuta mbili za magogo, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Wazee waliijenga hivyo ili adui asiingie wawili wawili. Kirangozi akaingia wa kwanza. Wakafuata wa mbele, na kila mmoja alipofika kwenye kona, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka juu.

"Nani huyo?"

"Kasonta, mwana wa Lugendo."

"Anatoka wapi?"

"Bagamoyo."

"Kabeba nini?"

"Nguo na shaba."

Na mji mzima, kwa sauti moja ya chini iliyotikisa udongo: "Kafika. Mtueni."

Mwanamke wa juu ya geti alikuwa madamu Stela, mwalimu wa historia, aliyewahi kumfundisha Modesti mpaka Modesti alipoliacha darasa lake katikati ya kipindi. Alikuwa na daftari la majina mkononi. Modesti alipotokea kwenye kona, akakunja uso, kwanza kwa kumkumbuka, pili kwa kutafuta kwenye daftari.

"Nani huyo?"

"Ngalula," Modesti akasema.

"Mwana wa nani?"

"Hatujui. Hakuna aliyeandika."

"Anatoka wapi?"

"Manyema."

Madamu Stela akafunga daftari, kidole kikabaki ndani. Pembeni yake mzee mmoja wa kamati, kofia ya kitambaa, akainama na kusema kwa upole, "Kijana, wewe ni mkosaji. Umefika, umekomboa funguo zako, hongera. Tua, upishe wengine. Hilo jina tulishalizungumza na bibi yako. Halikuwa la mpagazi."

"Alibeba pembe."

"Alibeba, sawa, lakini—"

"Alibeba akiwa na kamba shingoni, mzee. Mtoto wa miaka kumi. Toka Manyema mpaka hapa. Mimi nimebeba toka pale kwenye nyasi na ninakaribia kufa. Kama huyo si mpagazi, basi sijui maana ya neno."

Ukuta mzima ulisikia. Vichwa vikainama kutazama kona.

"Leo ni siku ya furaha," mzee wa kofia akasema. "Mambo ya kamba tusiyalete."

"Mimi siyaleti. Yaliingia humu humu, kwenye hii kona." Kengele ikalia ovyo. "Na siondoki. Na sitaiweka chini."

Hapo ndipo ubora wa ile ngome ulipoonekana. Njia ni ya mtu mmoja. Nyuma ya Modesti walikuwa watu zaidi ya mia, shingo zimekakamaa, na hakuna anayeweza kumpita wala kurudi. Mtu mmoja huko nyuma akaguna. Mwingine akasema, "Kuna nini huko mbele?" na mwingine akamjibu, habari ikarudi nyuma kwa minong'ono mpaka nje ya minyaa.

Modesti akahesabu milio ya kengele yake, maana hakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Bega la kushoto lilikuwa limeacha kuuma na kuanza kufa ganzi. Akafikiria lile kovu la Ngalula, pana kama kiganja.

Mzee Nikolaus alikuwa ameshaketi kivulini, manyoya kayavua. Akasimama. Akayavaa tena moja moja, bila haraka, akaja mpaka kwenye mdomo wa kona kwa ndani.

"Abbasi," akaita.

"Nipo, kirangozi." Abbasi alikuwa kabanwa ukutani kati ya Modesti na Maua.

"Wewe ni mtani. Kazi yako kumwaibisha Mnyamwezi. Mzigo wa huyu umegusa chini?"

Abbasi akajipangusa uso. Angeweza kusema lolote, na angecheka nalo mpaka Pasaka. "Haujagusa," akasema. "Nilitamani uguse. Haujagusa."

Kirangozi akainua uso kwa watu wa juu ya geti. "Mimi ndiye ninayeuleta msafara huu. Sikumbuki kama nimewahi kuulizwa mzigo ulifungwa kwa kamba gani. Naulizwa kama umefika."

Mzee wa kofia akarudi nyuma hatua moja. Madamu Stela alimtazama Modesti kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipokuwa akisema kitu cha ukorofi kisha kikawa kweli. Akalifungua daftari, akachomoa kalamu kwenye nywele zake, akaandika. Kisha akasimama wima na kuuliza tena, toka mwanzo, kwa sauti kubwa kuliko yote ya siku ile.

"Nani huyo?"

"Ngalula."

"Anatoka wapi?"

"Manyema."

"Kabeba nini?"

"Pembe. Na alikuwa mtoto."

Pumzi moja, mbili. Modesti akawaza kwamba hawatajibu, na kwamba atafia pale, kaziba njia kama mlango. Halafu likaja, likitokea pande zote za ukuta, zito, la chini, likapanda kwenye nyayo zake na kutokea kwenye meno.

"Kafika. Mtueni."

Watu wakaja kumtua. Lakini bibi Josepha alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki, sijui kapita wapi na ile miguu, kabanana katikati ya wapagazi akisema samahani, samahani baba, nipishe. Akafika akaweka mikono miwili chini ya ncha ya pembe. Hakuibeba, mikono ile haikuweza hata kubeba sufuria la uji. Ilikuwepo tu pale chini, inashuka pamoja na mzigo, mpaka pembe ikalala kwenye mkeka. Kisha akaweka kiganja kwenye bega la kushoto la Modesti, kwenye ngozi iliyochubuka, akakiacha hapo.

"Linawaka," akasema.

"Linawaka, bibi."

Nyuma yao Maua alikuwa ameshafika kwenye kona. Walimwuliza, akajibu jina la babu yake, Bagamoyo, nta. Kabla mji haujaitikia, akainua mkono.

"Nina la pili," akasema. "Mke wake. Alimnunua njiani kwa doti mbili za kaniki. Jina aliloletwa nalo lilipotea. Mtaniandikia Mama."

Madamu Stela akaandika. Baada ya Maua kukawa na mwingine, na mwingine. Modesti alikaa chini, mgongo kwenye magogo ya ukuta, funguo zake kwenye kiganja, na alikaa pale mpaka mzigo wa mwisho ukatuliwa, jua likiwa limeshavuka utosi. Hakukumbuka kuwasha simu.

Alasiri bibi akasema kachoka, twende nyumbani. Abbasi akamsaidia kupanda, akamwambia Modesti kwamba kwa Mnyamwezi hana sura mbaya sana. Modesti akamjibu kwamba mwakani ataibeba Abbasi mwenyewe hiyo pembe, maana mkosaji wa Tabora ni mmoja tu na ameshajirekebisha.

Walipotoka nje ya minyaa, mbele yao njiani alikuwepo mzee Nikolaus, anarudi kwake kwa miguu, manyoya kayafunga kwenye gazeti, bendera kaikunja kwapani. Hakuwa kirangozi tena. Alikuwa mstaafu anayetembea mchangani kwa viatu vya mpira.

Modesti akapunguza gesi mpaka mwisho. Pikipiki ikawa inaenda kwa kuyumba, gia ya kwanza, miguu yake yote miwili inasukuma chini huku na huku. Wakaenda hivyo, kilomita nzima, kisha nyingine, vumbi la viatu vya mzee likiwapanda usoni.

"Pita, mume wangu," bibi akamwambia sikioni. "Vumbi hili."

"Vumilia, mke wangu," Modesti akasema, na hakumpita mpaka kwenye lami.